Mwalimu Aliyekuja na Mama Akakimbia

Kila nikifunua majani ya migomba kutazama kakao niliyoivundika, ule uchachu ukinipanda puani, namwona mama amejibanza kwenye migomba yetu ya Ikolo, kitenge kimemfunika mpaka usoni. Hasira inanirudia upya. Wahusika nitawataja, msishangae.

Nilikuwa darasa la tano. Baba alikwenda Malawi kwenye biashara ya vitenge, hakurudi. Baba mkubwa Ambakisye akaniachisha shule nikafukuze ndege kwenye mpunga wake. Sasa shuleni walikuwa wameanzisha utaratibu: mwalimu amfuate mtoro nyumbani, azungumze na mzazi, wakubaliane mtoto arudi. Tukasikia Jumamosi ni zamu yetu.

Mama alipika kuku na wali wa mchele mpya, ule unaonukia mpaka kwa jirani. Sare yangu akaifua, akainyoosha kwa pasi ya mkaa, akanivisha.

"Leo nasema mwenyewe," aliniambia. "Baba yako mkubwa asinisemee."

Basi, kati ya walimu wote, wakamtuma Mwalimu Lugano, eti kwa kuwa ni mwenyeji. Mwenyeji kweli: mdogo wake babu, mzaa baba! Kwa mama huyo ni baba mkwe, na kwetu Wanyakyusa mke haonani na baba mkwe, hasemi naye, hata jina lake halitaji. Mama alipoona kofia yake njiani, aliuacha mwiko ndani ya chungu akatokomea migombani.

Lugano akakaa kwenye kigoda. "Bibi mdogo," akanitania, "shule umeisusa? Au umepata mume?"

"Sijaisusa, babu."

"Mama yako anasemaje?"

Kabla sijafungua mdomo, Ambakisye, aliyekuja kumpokea mgeni, akacheka. "Mwalimu, si umemwona? Katimka kama kanga. Hataki shule huyo."

Na Lugano alijua! Mtu kazaliwa kwenye mila hizo hizo, alijua fika mama amekimbia nini. Angeniambia tu, nenda kamuulize. Angerudi shuleni aseme mtumeni mwingine. Lakini alikula wali, akasema "ndaga fijo" kushukuru, akanipapasa kichwa, akaenda kuwaambia wenzake mzazi hakubali. Jumatatu nilikuwa mpungani, narushia ndege mabonge ya udongo. Darasani sikurudi tena.

Na mimi, mjinga, nikamchukia mama. Nilimnunia miaka. Nilimwita mwoga mbele ya wadogo zangu, naye akanipakulia finyango nono kuliko zote.

Kisha nikaolewa kijiji cha Ngonga. Siku moja natoka kisimani, huyo baba mkwe anakuja, yeye na mume wangu. Miguu ilinitoa njiani kabla sijawaza lolote. Nikajikuta nimechuchumaa vichakani, maji yamenilowesha, na wao wamesimama pale pale. Baba mkwe anamuuliza mume wangu habari zangu, mume anajibu anavyotaka yeye, si kweli hata kidogo, na mimi sauti haitoki.

Wiki hiyo hiyo nikaenda Ikolo. Mama alikuwa anapepeta mchele.

"Mama, nimemkimbia baba mkwe."

Akacheka. "Karibu ukubwani."

"Siku ile ya mwalimu… ulikuwa unasikia?"

Ungo ukatulia mikononi mwake. "Kila neno, mwanangu."

Ambakisye na Lugano sijawasamehe, na sioni haraka. Mama alinisogezea mkeka, nikakaa, nikaegemea bega lake kama mtoto mdogo, mtu mzima mimi, mwenye mimba.