Miguu ya Baba Mkwe

Picha ilikuwa na askari watatu wa Mjerumani, wamesimama ufukweni Mwaya, Ziwa Nyasa, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, bunduki mabegani, vitambaa vya kijeshi vimezungushwa kutoka magotini hadi vifundoni, nyayo peku. Tulijua mmoja wao ni baba yake babu yangu. Yupi, hakuna aliyejua. Baba mkubwa alitaka kumkuza amtundike sebuleni kwake Ipinda, na alikwisha kumchagua wa katikati.

"Ana pua ya kwetu," alisema.

"Ya kwetu ipi?" shangazi akamuuliza. "Hiyo yako umeirithi kwa mama yako."

Aliyebaki hai kati ya waliomjua askari huyo alikuwa bibi, mke wa mwanawe. Nilipomwonyesha picha aligeukia ukutani na kujifunika kanga. Nilikuwa nimesahau mwiko. Mwanamke wa Kinyakyusa wa enzi zake hakumtazama baba mkwe usoni wala kutaja jina lake, na kwa bibi kifo hakikubadilisha kitu. Enzi hizo, akimsikia mkwewe anakohoa njiani, aliingia migombani akainama mpaka apite.

"Kwa hiyo hukuwahi kumwona, bibi?"

"Niliona miguu. Hiyo naijua."

Nikafunika picha kwa karatasi kuanzia magotini kwenda juu. Pembeni, karibu na askari wa kushoto, waliketi wapagazi, kamba imewapitia shingoni mmoja hadi mwingine, na ncha yake imekanyagwa na askari yule. Wapagazi nikawaziba kwa bahasha. Nilijiambia ni ili bibi asichanganyikiwe.

Akaisogeza picha mlangoni penye mwanga. Kidole chake kikapita mguu kwa mguu, kikasimama kushoto.

"Ni huyu. Kidole chake cha mwisho kimempanda mwenzake." Akacheka kidogo. "Hata kwenye tope nilijua kama amepita." Kisha akainamia picha zaidi. "Amekanyaga kamba. Imefunga nini?"

Bahasha ilikuwa chini ya kidole gumba changu. Kuinyanyua kusingenigharimu chochote.

"Ng'ombe, bibi."

"Ee. Huyo alipenda ng'ombe." Akanirudishia picha bila kuitazama tena, uso umelainika. "Ndaga, mjukuu wangu," akashukuru.

Baba mkubwa alimkuza askari wa kushoto kuanzia kiunoni kwenda juu. Kamba haimo. Bibi haingii sebule ile, lakini wageni wakiuliza habari za picha, huwajibu akiwa jikoni: alikuwa askari, alirudi na ng'ombe wa Mjerumani.

Watoto wa nyumba ile sasa wanawajua ng'ombe hao kwa rangi. Mara ya mwisho nilipofika, mtoto mmoja alinifuata hadi barabarani kuniuliza walikuwa wangapi, maana mimi niliiona picha nzima.

Nikamwambia hawaonekani vizuri.