Dume Aliyepigwa Kiunoni

Bisha. Bisha sasa hivi kabla sijafika mbali, maana ukinikatiza katikati sirudi nyuma. Nilipokuwa mtoto wa miaka sita, hapa hapa Garissa, nilimwona ngamia akimfunga mtu uzazi. Sikusimuliwa. Nilikuwa nimesimama hatua kumi tu, na macho yangu wakati huo yalikuwa makali kuliko hayo yako. Shule niliiaga darasa la sita, ni kweli, lakini leo hakuna dalali katika soko la mifugo anayemjua ngamia kunishinda. Wenye digrii zao wananipigia simu mimi kabla hawajanunua. Kwa hiyo nikikuambia ngamia alifanya hivi, wewe sikiliza.

Mtu mwenyewe ni adeer wangu, Bishar, mdogo wake baba. Alikuwa dereva wa lori la mifugo, kijana wa kifua, sigara mdomoni, miraa shavuni, jinzi ya kubana hata jua likichemsha lami. Siku hiyo alikuwa anapakia ngamia, na dume mmoja akakataa kupanda. Ulikuwa msimu wake wa kutaka majike. Kama hujamwona dume wa ngamia katika msimu huo, hujaona kiburi: povu linamwagika, anatoa mdomoni kitu chekundu kama puto, koo linabubujika kama sufuria ya chai. Bibi yetu, ayeeyo, aliyekuwa akiuza maziwa pale pembeni, akamwona mwanawe anainama kutafuta kitu cha kupigia.

"Bishar, huyo mngoje," akamwambia. "Usimguse kiuno. Anayempiga dume kiunoni wakati wa msimu wake, chake mwenyewe kitakauka."

"Hooyo, mama yangu, lori linanguruma na wewe unanipa hadithi?"

Akacheka, akachukua chuma cha kufungulia magurudumu, akampiga mara mbili. Hapa, juu kidogo ya mkia.

Yule dume hakupiga kelele. Alipiga magoti, akaizungusha shingo yake yote ndefu, akamtazama adeer usoni. Alimtazama mpaka wapakiaji wakaacha kucheka. Kisha akampulizia povu kifuani, taratibu, kama mtu anayepiga muhuri. Mimi nilikojoa pale pale niliposimama. Hilo nalisema mwenyewe usije ukasikia kwa mwingine.

Mwaka ule ule adeer akaoa. Mke alitoka Griftu, mrefu, mwepesi wa kucheka, anaitwa Sahra, nasi watoto tukamwita Habo Sahra kama tunavyowaita mama wadogo. Wakapewa chumba cha pili katika nyumba yetu kule mtaa wa Iftin. Mwaka ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu ukaja na kuondoka, na tumbo la habo liko vile vile.

Unajua aliyelaumiwa? Huna haja ya kufikiri. Majirani walianza kuwafunika watoto wao shuka akipita, wakiogopa jicho lake. Alinyweshwa maji yaliyosomewa, akafukizwa ubani mpaka akakohoa wiki nzima. Shangazi mmoja alikuja kumkanda tumbo, akaondoka akitikisa kichwa kama fundi aliyeshindwa na redio. Adeer hakuna aliyemuuliza hata swali. Ana ndevu, ana sauti, anainua gurudumu la lori peke yake. Utamuuliza nini?

Mwaka wa nne, alasiri moja, adeer alisimama uani akatangaza kwamba Ijumaa wazee watamrudisha Sahra kwao Griftu, yeye aoe mwingine. Alisema kwa sauti kubwa, kama anayeuza. Habo alikuwa anaosha vyombo hatua chache tu kutoka kwake. Aliendelea kuosha sahani ile ile moja. Aliisugua, akaisuuza, akaisugua tena, na hakuinua macho.

Ayeeyo alikuwa amekaa juu ya mkeka. Akauliza taratibu, "Bishar, una ngamia majike kumi na dume mmoja. Misimu minne hakuna aliyeshika mimba. Unauza majike kumi?"

"Hooyo, mimi si ngamia."

"Nimekuuliza unauza nini."

 Baba yangu akaanza kuangalia viatu vyake. Hebu fikiria: uani palikuwa na wanaume wanne waliozaliwa nyuma ya ngamia, na jambo hilo kila mmoja analijua tangu hajaota meno. Dume hubadilishwa kwanza. Hata mtoto wa malishoni anajua. Lakini wakivuka kizingiti cha nyumba wanasahau, na kosa linakuwa la mke.

"Unaniaibisha mbele ya watoto," adeer akasema.

"Aibu ni kumrudisha binti ya watu kwa jambo hujui ni la nani. Kesho tunaenda hospitali. Ukikataa, Ijumaa mimi napanda gari pamoja naye, na Griftu nitasimama sokoni niseme kwa nini."

Kesho yake tulikwenda, mimi nikimshika ayeeyo mkono kwa sababu macho yake yalikuwa na ukungu. Adeer alitembea nyuma yetu amejifunika kofia mpaka puani, eti asijulikane. Daktari alikuwa mtu wa bara, mpole. Ayeeyo akampa Kiswahili chake cha sokoni: "Daktari, mimi naleta dume. Bibi yake iko nyumbani, yeye atakuja. Lakini huyu kwanza. Angalia yeye fizuri."

"Mimi iko sawa kabisa!" adeer akafoka.

"Hata mimi naona uko sawa," daktari akajibu. "Lakini kwa macho haionekani. Mtu anaweza kuwa na nguvu zote za mume na mbegu zake zikawa dhaifu. Ni vitu viwili tofauti."

Adeer akaivuta kofia chini zaidi. Alipewa kichupa, akaambiwa akae siku chache bila kumkaribia mkewe, alete kilichotakiwa. Akaleta. Siku ya majibu akaruhusiwa kuangalia mwenyewe kwenye darubini. Sisi tulikaa kwenye benchi nje. Mlango ulipofunguka, Wallahi, mtu aliyetoka si yule aliyeingia. Jasho lilikuwa linamtiririka, na ile kofia ya kujificha ameishika mkononi.

"Umeona nini?" ayeeyo akauliza.

"Wachache, hooyo. Wengine wamelala. Wengine wanazunguka mahali pamoja tu, kama ngamia waliopoteza kisima." Akaketi kwenye benchi. "Wako hai. Ni wadogo hivyo na wako hai."

Ayeeyo akasema Subhanallah. Na mimi nikasema, ingawa sikujua tunashangaa nini. Sasa najua, na bado nashangaa.

Daktari alimwuliza kazi yake, na aliposikia lori la zamani, kiti juu ya injini, saa nane hadi kumi kwa siku, akatingisha kichwa. Akaeleza kwamba Mungu ameziweka korodani nje ya mwili ili zisipate joto, na adeer alikuwa anazipika kila siku. Sigara aache. Miraa aache, alale usiku kama watu. Jinzi ya kubana aivue, avae macawiis, ile shuka ya kiunoni ya babu zake. Zile sindano za nguvu zinazouzwa kwenye vibanda asiziguse, maana huua mbegu kabisa. Arudi baada ya miezi mitatu, kwa sababu mbegu moja huchukua karibu muda huo kutengenezwa, na mkewe naye apimwe. Hakuahidi kitu. "Tujaribu," ndivyo alivyosema.

Ayeeyo alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akampeleka mwanawe mahali pengine, kwa mwenye yule dume. Ngamia alikuwa bado hai. Adeer Bishar, mkubwa wa lori, alipiga magoti kwenye mavi ya ngamia akampaka dume samli kiunoni kwa viganja vyake, akiomba msamaha kwa sauti. Yule mnyama alimruhusu. Alimnusa kichwa tu, akaendelea kutafuna.

Lori aliliacha, akaanza kuuza majani ya mifugo. Alinuna kama simba miezi miwili ya kwanza. Kipimo cha pili kilikuwa bora kuliko cha kwanza, na mwaka haujaisha Habo Sahra akaanza kutapika asubuhi. Alizaa msichana.

Watu huniuliza, ni daktari au ni dume? Mimi najibu kwa swali: ayeeyo hakuwahi kuona darubini wala kusikia habari ya joto la injini. Alijuaje ni kiuno? Ukipata jibu niletee sokoni, nitakununulia chai.

Nimejisifu vya kutosha. Kuna sehemu niliiruka, na kila nikisimulia kisa hiki nairuka. Watoto wa Iftin walikuwa na wimbo wa kumwimbia Habo Sahra akitoka kuchota maji: kisima kirefu, kamba mpya, ndoo haina kitu. Ulikuwa na makofi. Ulienea mtaa mzima, wakubwa wakawa wanauimba kwa kuguna, midomo imefungwa. Wimbo ule niliutunga mimi. Nilikuwa na miaka tisa, naishi nyumba moja naye, na nilijivunia makofi yale kuliko kitu chochote.

Siku moja aligeuka ghafla akanikuta naanzisha. Tulitazamana. Hakumwambia adeer, hakumwambia ayeeyo. Jioni alinipakulia wali, akaweka nyama kubwa juu, nami nikala.

Habo bado anaishi Iftin. Ni mwendo mfupi tu kutoka ninapolala. Mdomo huu unaouza ngamia kiwete kwa watu wenye akili zao, umefika mlangoni kwake mara nyingi, ukasalimia, ukanywa chai, ukaondoka bila kuutaja wimbo.