Transista Zisizo na Jina

Kwa muda mrefu nimewadharau watu wa aina mbili: wanaotengeneza redio kwa kubahatisha, na wanaotengeneza umeme kwenye kioo cha kompyuta bila kugusa waya. Wa kwanza nilikaa nao soko moja hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, meza kwa meza. Wa pili aliolewa na mwanangu.

Mwanangu alikwenda Afrika Kusini kutafuta kazi, akamwacha mke wake nyumbani kwangu. Simu zake zikawa za Krismasi, kisha zikawa si za Krismasi tena. Mkaza mwanangu hakulia mbele ya watu. Alijiandikisha kwenye mafunzo ya kompyuta hapa kambini, akapata kompyuta kuukuu iliyopasuka pembe, na akaanza kuchora saketi. Karakana moja ya Lilongwe, upande wa Old Town, ilikuwa inaunda vidhibiti vya sola na ilitaka kumchukua mtu mmoja kutoka kwenye mafunzo yale. Sharti lake: mtu alete kidhibiti alichokijaribu kwanza kwenye programu, kisha akakiunda kwa mkono, na vyote viwili vifanye kazi sawasawa. Asingeipata nafasi ile, kilichobaki kwake kingekuwa mgao wa chakula na kungoja simu.

Nilijua hayo yote. Hata hivyo nilicheka.

"Waambie wenzako," nilimwambia mke wangu kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "wapike nsima kwa ekra ya kompyuta vilevile. Tutaokoa kuni."

"We muzee," mke wangu akajibu, "ile redio ya pasta iko kwako tangu mvua. Ungeipika hata kwa ekra, ingekuwa imeiva."

Nilisoma sekondari Uvira, kule Kongo, nikatoka na cheti, chuma cha kulehemia na majivuno. Cheti kilipotea njiani. Hivyo viwili vingine nilifika navyo. Sokoni nilikuwa fundi ambaye mafundi wengine walimchungulia, na kwa sababu walinichungulia nilijiwekea desturi. Vipande vyangu vilitoka kwenye mashine zilizokufa: nilivichomoa kwenye inveta, televisheni na chaja zilizotupwa, kisha nikavikwangua majina kwa msasa. Fundi jirani akifungua redio niliyoitengeneza, asijue nimeweka nini. Badala ya jina nilitia doa la rangi ya kucha, nikavitenga kwenye makopo ya maziwa ya unga. Doa jekundu lilikuwa la transista kubwa za miguu mitatu, zile zinazofungua na kufunga njia ya umeme mwingi kama mlango wa bwawa. Zilizofanana kazi niliziita ndugu, na ndugu walilala kopo moja. Hakuna inveta iliyowahi kunilalamikia.

Kidhibiti cha mkaza mwanangu kilihitaji transista ya namna hiyo moja, isimame kati ya paneli na betri. Nilimchagulia mwenyewe kutoka kopo la jekundu na kumwambia jina lililokuwapo kabla ya msasa wangu. Niliiweka mezani naye akaiokota mezani, kwa maana kwetu mke wa mwana hampokei baba mkwe kitu mkononi. Hali chakula mbele yake. Hampingi. Akiwa na neno zito, hulipitisha kwa mama mkwe, na mama mkwe hulifikisha likiwa limepozwa.

Kazi kwenye kioo ilianza vibaya, na mimi nikafurahi. Programu yenyewe haiijui transista. Inaijua kwa kusoma modeli, nayo ni mistari michache ya namba inayoeleza tabia ya kipande: kinafunguka kwa volti ngapi, kinapitisha kiasi gani, kinapoteza nini. Mkaza mwanangu alipakua modeli ya lile jina nililomtajia, akaitia kwenye mchoro, na betri kwenye kioo ikaanza kuijaza paneli badala ya paneli kuijaza betri.

"Hongera," nilisema. "Jua litachajiwa."

Alitafuta kosa. Akagundua kwamba aliyeandika modeli alipanga miguu mitatu kwa mpango wake, na mchoro ulikuwa na mpango mwingine, hivyo programu ilikuwa ikiunga mguu wa kuingilia mahali pa kutokea. Akapanga upya. Umeme ukageuka, ukaenda unakotakiwa.

Kisha kikaja kituko cha pili. Kwenye kioo kile dayodi, kipande kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, ilikuwa inapitisha umeme bila kula hata chembe. Hapo nilisimama nyuma yake, mbali kidogo kama inavyotakiwa, nikatazama namba, nikatoa sauti ambayo mke wangu huifananisha na ya mbuzi aliyepaliwa.

"Dayodi gani hiyo isiyokula volti? Haijazaliwa duniani hiyo. Hata malaika wakipita mlangoni wanaacha kitu."

Akaangalia. Ilikuwa kweli. Modeli ya dayodi haikuwa imepatikana kwenye faili zake, na programu, badala ya kusema haikuiona, ilikuwa imeweka dayodi yake ya kufikirika, safi, isiyo na dhambi. Aliirekebisha.

"Aksanti, Papa," alisema.

Ingekuwa heri kama ningekosea siku ile. Kwa kuwa nilipatia, nilitembea soko zima nikiwaeleza watu kwamba kompyuta ni mwongo mwenye mwandiko mzuri. Mafundi wenzangu walicheka pamoja nami, wale wale niliowadharau.

Baadaye kioo kikakubali kila kitu. Transista kwenye mchoro ilifunguka ikapoa, betri ikajaa vizuri. Akakiunda kidhibiti kwa mkono. Lehemu zake zilikuwa ndogo na za kung'aa kuliko zangu, jambo ambalo sikulisema. Tukakitoa uani juani na kuunga paneli. Kabla chai haijapoa transista ilikuwa inafuka moshi.

Nilimpa nyingine, kopo lile lile. Nayo ikafuka.

"Modeli," nilisema. "Nilikwambia. Tafuta uongo wake."

Naye akatafuta. Sasa naona vizuri kilichotokea, ingawa wakati ule nilikiona ni uthibitisho wa akili yangu. Mbele yake kulikuwa na vitu viwili tu vya kushuku: modeli na kipande. Modeli iliandikwa na mtu asiyemjua. Kipande kilitoka kwa baba mkwe. Kwa hiyo alishuku modeli. Aliisoma mstari kwa mstari, akapakua nyingine ya jina lile lile, ikatoa majibu yale yale, akapakua ya tatu. Akapunguza mwendo wa hesabu, akaongeza joto la mchana wa Dowa, wilaya yetu. Kioo kilisema neno moja daima: hii haiwezi kuungua. Na uani iliungua. Mtu mwingine yeyote duniani angeitilia shaka transista siku ya kwanza. Mkaza mwanangu alikuwa amelelewa vizuri mno.

Mke wangu akaja na neno lililopozwa.

"Anauliza kama anaweza kwenda soko la Tsoka kule Lilongwe, anunue ingine ya mupya. Ya kulinganisha tu."

"Mwambie Tsoka wanauza takataka yenye jina jipya."

"Na yako ni takataka yenye kukosa jina," akasema mke wangu. "Juu ya nini usimwache aende? Mutoto anakonda. Lilongwe banamungojea, na we uko hapa unalinda makopo kama sanduku la sadaka."

"Kipande changu hakina kosa."

"Haya. Nitamwambia Papa amesema kipande chake ni mutakatifu."

Sikujua alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba asubuhi iliyofuata mkaza mwanangu alikuwa ameacha kuhangaika na kidhibiti kizima. Alikuwa ameichukua transista yangu ya tatu, niliyompa jana yake na ambayo ilikuwa bado haijaungua, akaiweka peke yake mezani na vitu vitatu: betri, taa ndogo ya gari, na kitufe cha kuzungusha kilichotoka kwenye redio, cha kupandisha volti kidogo kidogo kwenye mguu wa amri. Kwenye kompyuta alikuwa amechora hivyo hivyo: transista peke yake, taa, kitufe.

"Papa, tafadhali, uangalie," alisema.

Kwenye kioo alipandisha volti. Kabla ya kufika tano taa ilikuwa inawaka kamili. Mezani akazungusha kitufe hadi tano. Taa ilikuwa nyekundu tu, kama kaa linalozimika. Akazungusha zaidi, akaivuka nane, ikakaribia kumi, ndipo ikawaka.

Nilielewa pale pale. Fundi yeyote angeelewa. Kidhibiti chake kilitoa amri ya volti tano. Transista yangu kwa volti tano ilifunguka nusu, umeme wote ukajikamua kwenye mwanya ule, na joto likaimaliza. Kwenye inveta zangu kuukuu amri ilikuwa kumi na mbili, ndiyo maana ndugu wote walionekana sawa. Kwenye kopo moja nilikuwa nimechanganya wa amri ndogo na wa amri kubwa, na jina ambalo lingewatenga nililifuta kwa mkono wangu.

Nilielewa hayo, nikafungua mdomo, nikasema:

"Unaona? Modeli yako mbovu."

Mke wangu aliacha kuchambua maharage.

Mkaza mwanangu aliinamisha kichwa. "Ndiyo, Papa. Njo maana nimeikosoa." Akafungua faili, akanionyesha namba aliyoibadilisha: volti ya kufungukia. Alikuwa amepima transista yangu kwa kitufe, akaandika modeli mpya inayofanana nayo katika kila kitu, utii kwangu kwa maandishi. "Sasa iko sawasawa na ya Papa." Akaitia kwenye mchoro wa kidhibiti kizima na kuianzisha. Mstari wa joto ukapanda, ukapita mpaka wa uhai wa transista, ukaendelea kupanda hadi ukatoka juu ya kioo.

"Hata kwa ekra," alisema taratibu, "ya Papa inaungua."

Mke wangu alicheka mpaka maharage yakamwagika. "Muzee! Amekutii mpaka umewaka moto!"

Hakuwa amenipinga hata kwa neno moja. Nimewahi kutukanwa na wenye redio, polisi na wakwe, lakini sijawahi kukosolewa kwa adabu kiasi kile. Nililileta kopo la jekundu, nikalimwaga mezani. Alizipima zote kwa kitufe na taa, moja moja. Zilizokubaliana na modeli ya kwanza, ile niliyoiita mwongo, zilikuwa fungu dogo. Nyingine zikawa kilima. Humo mlikuwa na hata zile zilizokuwa zimekufa kabisa, ambazo nimekuwa nikizitunza kwa miaka kama mbegu.

Alichukua moja ya fungu dogo. Kidhibiti kikakaa juani mchana kutwa, na transista ikabaki ya kushikika kwa kidole.

Lilongwe nilimsindikiza. Nilisema mwanamke mwenye ndoa hatembei peke yake kwenda kwa wageni, lakini kweli nilitaka kuona wajinga wengine. Kabaza mbili, baiskeli za kubeba abiria, zilitufikisha barabarani, na njia nzima nikawa naandaa maneno ya kumwambia huyo bwana wa karakana.

Alikuwa Mmalawi mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, aliyejifunza Kiswahili kwa kwenda Dar es Salaam kununua vifaa. Alitazama kidhibiti, akakichaji, akakipima, akaridhika. Kisha akafungua kompyuta na kuona modeli mbili.

"Hii ni ya kiwandani. Na hii nyingine?"

"Ni ya aina ingine iko kwetu," mkaza mwanangu alisema. "Zinafanana kwa macho."

Bwana yule aliigeuza transista chini ya miwani, akaona uso uliokwanguliwa. Sauti yake ikabadilika.

"Hii imefutwa jina. Mama, mimi vitu vya wizi sivitaki hapa. Nani kafuta?"

Niligeuka nikamtazama mkaza mwanangu. Alikuwa anaitazama sakafu, vidole vimekamata ncha ya kitenge, na nikajua kwamba hatasema. Angerudi Dzaleka mikono mitupu, apike, aniwekee sahani mezani na kuondoka, na asiseme maisha yake yote. Bwana yule alikuwa tayari anaufunga mfuniko wa kompyuta.

"Mimi," nilisema. "Vimetoka kwenye mashine zilizotupwa. Nafuta majina ili mafundi wa sokoni wasiniibie ujuzi."

Alinitazama. "Ujuzi gani, mzee?"

Niliyaacha maneno yote niliyoyaandaa njiani.

"Ule uliomchelewesha huyu," nilisema. "Alidhani modeli inadanganya kwa sababu mimi nilimwambia kipande ni kizima. Hiyo ya pili aliiandika yeye, kwa kukipima kipande changu kibovu."

Aliifungua tena kompyuta. Akaziendesha modeli mbili moja baada ya nyingine, akaona moja inaungua na moja inapoa, akamuuliza mkaza mwanangu aliwezaje kujua, naye akaeleza habari ya kitufe na taa. Hakunitaja hata pale. Walizungumza muda mrefu, mimi nikiwa nimekaa kwenye boksi la nyaya.

"Zikomo, asante, mama," alisema mwishoni. "Wiki ijayo uje. Kibali cha kutoka kambini nitakuandikia barua. Lakini hapa vitu vina majina." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mzee, hayo makopo ni ya bati?"

"Ya bati."

"Ukishayamwaga niletee. Skrubu zangu hazina pa kukaa."

Jioni mke wangu alitungoja mlangoni. Mkaza mwanangu alimpita akiwa ameziba mdomo kwa kitenge, sijui analia au anacheka.

"Bamemuchukua?" mke wangu aliniuliza.

"Wamemchukua."

"Na we, bamekuambia nini?"

"Wanahitaji makopo," nilisema, nikaenda kuyamwaga.