Kamera ya Bwana Trautwein

Gerlinde Opitz alikuwa na mahali pamoja tu pa kuvua wigi: nyuma ya kibanda cha bustani yake, huku kwetu Kassel, Ujerumani. Dawa za saratani zilimmaliza nywele na hazikurudi. Hata binti yake hajawahi kumwona kichwa kitupu. Najua mimi tu, jirani wa bustani ya pili.

Cheri zilipoanza kuiva, Volkmar Trautwein wa upande wa pili, aliyechoka kuibiwa matunda hayo, akapachika kamera kwenye kibanda chake. Ilitazama palepale. Tangu hapo Gerlinde akawa anamwagilia nyanya harakaharaka na kurudi nyumbani, jasho likimtiririka chini ya wigi. Alimwomba Volkmar aigeuze, akakataa. Ingekuwa mimi, ningeing'oa kwa jembe.

Kwetu humburuti jirani mahakamani kabla hujapita kwa msuluhishi wa mtaa. Basi tukaenda sebuleni kwa Bi Naumann, mimi nikiwa msindikizaji. Volkmar akaja na kamera mkononi, akaifungua mezani kwa maringo. Tupu. Plastiki, bila hata waya. Akasema aliinunua kutishia wezi, kwa hiyo hakuna aliyeonwa na hakuna kesi.

Kisha akamgeukia Gerlinde. "Kwani unaficha nini kule nyuma, Bi Opitz? Si useme tu."

Gerlinde alikuwa amepauka. Nikaona mkono wake unapanda kichwani, nikajua amekata shauri kujianika mbele ya yule mtu.

"Usimjibu," Bi Naumann akasema. "Sheria haikudai sababu." Akamtazama Volkmar. "Angejuaje kama ni tupu? Mtu akiishi kwa hofu ya kutazamwa, umeshamnyang'anya faragha yake. Iondoe, bwana, au umweleze hakimu."

Mkono wa Gerlinde ukashuka. Volkmar akatia saini huku akinung'unika kwamba cheri zake ndizo hazina haki.

Jumamosi hiyo Gerlinde alitundika wigi kwenye mpini wa reki, akajilaza juani hadi utosi ukaiva. Nililia, na sioni aibu kusema.

Kabla ya kuandika haya nilimwomba ruhusa, na majina nimeyabadili yote.

"Andika," akaniambia. "Ila Volkmar akikuuliza nilikuwa naficha nini, mwambie hujui."