Kipande cha Nyanzala

Pale mtaani Nsemulwa, nguo ikishonwa upande hata kwa upana wa uzi, Restituta aliiona kabla mwenyewe hajaivaa vizuri. Tena hakuweza kunyamaza. Alimsimamisha mtu njiani, akainamia pindo lake, akamwambia, "Aliyekushonea hii alikuwa anasinzia." Watu waliudhika, wakacheka, halafu wakampelekea yeye vitambaa vyao. Cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu ilikaa barazani, na ilianza kulia kabla majirani hawajamaliza kunywa chai.

Mwaka tisini na sita Sista Matilda aliwafundisha akina mama wa kigango kutia rangi vitambaa. Ilikuwa kazi ya furaha na ya kuchafuka. Walifunga punje za mahindi ndani ya kitambaa cheupe, wakazikaza kwa uzi, wakakitumbukiza kwenye sufuria ya rangi iliyotiwa chumvi. Nyuzi zikifunguliwa, kila palipofungwa panabaki duara jeupe. Kwa vitambaa hivyo walishona vifuko vya sokoni, vitambaa vya meza, na vishikio vya kuipulia sufuria motoni. Restituta alijichagulia bluu. Bluu yake ilikolea, na maduara yake yalikaa kwenye mstari kama watoto kwenye paredi. Hakuna aliyemfikia, na yeye alilijua hilo kupita kiasi.

Sista alipopata uhamisho, mwenyekiti wao, Mama Cecilia, akaleta wazo: wamshonee tandiko la kitanda la vipande. Kila mama alete kipande cheupe, akitie rangi mwenyewe, na fundi Restituta aviunganishe vyote. Huko aendako, Sista alale amefunikwa na mikono yao.

Wa mwisho kuleta chake alikuwa Nyanzala. Yeye na mumewe walikuwa wamehamia na ng'ombe kutoka Usukumani, wakajenga nje ya mji kwenye njia ya Sitalike. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia mifugo. Alibatizwa Pasaka ya mwaka ule kwa jina la Theopista, jina ambalo ukimwita nalo aligeuka kutafuta nani anaitwa. Siku ya kutia rangi hakuja, ndama alikuwa anaumwa. Basi alichemsha magome ya mninga kwake, akatumbukiza kitambaa chake humo, akakileta kimefunikwa kwa kanga, amekishika kwa mikono miwili.

"Nimechelewa, Mama Marsela, lakini si nimefika?" alisema, akimwita Restituta kwa jina la bintiye.

Restituta alikikunjua. Kilikuwa cha kahawia, rangi imekolea hapa, imepauka pale, na kona moja ina doa. Upande mmoja kulikuwa na pindo la zamani, lililoshonwa kwa mkono, uzi mwekundu.

"Asante, mama," alisema, kwa sauti ile ya kumsindikiza mtu kabla hajaketi.

Alijaribu, tusimwonee. Alikiweka katikati ya bluu na kijani na njano, akarudi nyuma kukitazama, na alichoona ni tambara la kufutia meza lililoangukia kwenye bustani ya maua. Halafu, na hili hakumwambia mtu, alikinusa. Kilikuwa na harufu ya moshi na ya zizi. Hawa watu wa ng'ombe, alisema moyoni. Akakiweka kando, akajaza pengo kwa kijani kilichobaki, akajiambia hakuna atakayehesabu. Wiki ile ile kishikio cha jikoni kwake kiliungua, na kitambaa kilichokuwa karibu na mkono kilikuwa kile cha kahawia. Alikikunja, akapitisha mshono pembeni, akakitundika msumarini. Kazi yenyewe ilikwisha kabla maji ya ugali hayajachemka.

Jumapili ya kuagana, akina mama wanne walishika tandiko pembe nne, likatandazwa mbele ya Sista lipate kuonekana. Restituta alikuwa mmoja wao, na sifa zilikuwa zikimmiminikia. Hapo ndipo Mama Cecilia, ambaye hakuwahi kuacha sherehe iishe bila kuiongezea kitu, alipotangaza kwamba kila mama apite akicheza, aguse kipande chake, ataje jina lake, ili Sista ajue kipi ni cha nani.

Restituta akamtafuta Nyanzala kwa macho kwenye msururu.

Akina mama walipita, wakagusa, wakataja. Zamu ya Nyanzala ilipofika, alikuja akitikisa mabega, akainama. Kidole chake kikapita mstari wa kwanza, kikapita wa pili, kikarudi. Wimbo ulianza kulegea.

"Changu mmekificha wapi nyie?" aliuliza, bado anacheka. "Sista, mimi nilikikata kwenye gauni langu la ubatizo! Kule nyuma, penye pindo. Hata hivi nimejifunga kitenge kuziba tundu!"

Watu walicheka sana. Sista Matilda hakucheka, alijishika kifuani. Na Restituta, ambaye mpaka dakika ile alidhani ameacha tambara, alitamani ardhi ipasuke. Nafasi ya kusema ilikuwepo. Ilikuwepo, nami sitamtetea. Badala yake alionyesha kwa kidole kipande kilichokuwa katikati kabisa, kile chake cha bluu.

"Hiki hapa, mama. Nilikirudia kwenye sufuria ya bluu, rangi ikae vizuri."

"Hiki? Kizuri hivi?" Nyanzala alikitazama, akakipapasa, kisha akapiga vigelegele vya kupasua bati. Akamkumbatia Restituta mbele ya kigango kizima. "Mnamwona huyu? Sisi tumekuja juzi na ng'ombe wetu, lakini huyu amechukua takataka yangu akaipandisha cheo!"

Watu wakapiga makofi. Makofi yale yalimwingia Restituta kama vibao. Katika shangwe ile hakuna aliyekumbuka kwamba fundi mwenyewe hakugusa kipande chochote. Wali wa sherehe ulimshinda, akasema tumbo linamsumbua, na kesho yake Sista aliondoka na treni ya Tabora, tandiko likiwa ndani ya sanduku lake.

Siku chache baadaye Nyanzala alikuja Nsemulwa kushukuru. Alileta kibuyu cha maziwa mgando na jogoo mwekundu. Restituta akamkaribisha barazani, angefanyaje, akamwagiza Marsela chai. Marsela alikuwa msichana mwenye adabu zake, hakutaka mgeni angoje. Aliipua sufuria na kuja nayo moja kwa moja. Restituta alishtuka imeshawekwa mezani, na chini ya vidole vya mwanawe kulikuwa na kile kishikio cha kahawia.

Nyanzala alikuwa anasimulia habari za ndama aliyepona. Macho yake yakatua kwenye kishikio. Akakichukua. Upande mmoja kilikuwa kimejaa masizi. Akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya uzi mwekundu, taratibu, mpaka mwisho wa pindo.

"Kile cha bluu ni cha nani, mayu?" aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Changu," Restituta alisema.

"Kwa hiyo kule wewe huna."

"Sina."

"Na mimi sina."

Marsela alimtazama mama yake, asielewe. Restituta alianza kusema atakifumua, atakifua kwa sabuni nzuri, atamwandikia Sista. Maneno yalimtoka mengi, na kila yalivyotoka alizidi kujiona mdogo.

"Acha," Nyanzala alisema. Alikifunika kwa kanga, kwa mikono miwili, vile vile alivyokileta mara ya kwanza, akaaga. Jogoo alimwacha amefungwa miguu chini ya cherehani. Hilo lilimuuma Restituta kuliko matusi. Afadhali angemchukua jogoo wake.

Hakuweza kumchinja. Marsela alipouliza wanamla lini, alifokewa. Kila alfajiri jogoo aliwika dirishani, na Restituta alijigeuza kitandani akijisikia aibu upya, kama ndiyo kwanza imetokea.

Jumapili Nyanzala alikaa benchi la mbele yake. Hakujifunga kitenge. Alivaa gauni lake jeupe la ubatizo, na nyuma, penye pindo, kipande kilikuwa kimerudi mahali pake, cha kahawia, chenye masizi yaliyogoma kutoka, kimeshonwa kwa mkono kwa uzi mwekundu. Kiraka, kanisani, kwenye nguo ya ubatizo, na mwenyewe hakukificha. Padri alihubiri, Restituta hakusikia hata neno. Jicho lake, lile lisilopitwa na kasoro, siku hiyo lilikosa mahali pengine pa kutazama.

Nje, baada ya misa, Mama Cecilia aliwahi kama kawaida yake. "Mama Theopista, mbona kiraka kwenye gauni jeupe? Si ungesema, tukakutafutia kitambaa?"

Safari hii Nyanzala aligeuka mara moja kwa jina lile. Uso wake haukuwa na hasira, wala haukuwa na kile kicheko walichokizoea.

"Muulizeni fundi," alisema.

Wakamgeukia Restituta wote, wanatabasamu, wanangoja kusikia wema mwingine wa fundi wao. Uongo ulikuwepo tele, tena wa kutosha kumvusha: moto, panya, mtoto. Nyanzala alisimama tu, ameshika pindo la gauni.

"Nilikifanya kishikio cha sufuria," Restituta alisema. "Kipande chake. Kile cha bluu alichogusa ni changu. Cha kwake sikukirudia rangi, wala sikukiweka."

Tabasamu zikafa moja moja. Mama Cecilia alitazama masizi, akamtazama fundi.

"Kwa nini, Mama Marsela?"

Hilo ndilo aliloliogopa siku zote zile, kwa sababu aliyehusika na jibu alikuwa amesimama hapo hapo anasikiliza. Machozi yalimlenga. Angeweza kusema rangi haikulingana, na isingekuwa uongo kabisa.

"Kilinuka ng'ombe," alisema.

Nyanzala aliinamisha kichwa, akakivuta kile kipande mbele, akakileta puani, akakinusa mwenyewe.