Ubavu Ndani ya Mkoba

Hebu niambie, mtu akikukatia nyama na heshima zote, utamkatalia aje? Mimi siwezi. Mjukuu wangu Wambui alinipeleka kwa hoteli moja kubwa ya nyama choma, tuonane na wazazi wa kijana anataka kumuoa. Mlangoni akaniomba, "Shosh, tafadhali usiniaibishe."

Mimi nimezoea nyama ya vibanda vya Kiamaiko, ukimaliza yako imeisha. Hapa weita anakuja na chuma kirefu kimetungwa nyama, anakata, unashukuru, anarudi! Tumbo likajaa, na kisu bado kinakuja. Kukataa ni matusi. Kubakisha mbele ya wakwe ni aibu. Basi kila kipande nikawa natelezesha ndani ya mkoba, jasho linanitoka.

Halafu simu ikalia humo humo mkobani. Nikaingiza mkono mbio, nikaweka sikioni. "Haloo?" Mafuta yakanitiririka shingoni. Kumbe nimeshika ubavu, si simu!

Meza yote ikanigeukia. Weita akachukua kadi ya kijani kando ya sahani yangu, akaigeuza upande mwekundu. "Shosh, ukishiba unageuza hii tu, tunaacha kuleta."

Mama ya kijana akacheka mpaka machozi. Wambui akaninong'oneza, "Shosh, siku ya harusi nitakununulia mkoba mkubwa kuliko huo."