Kiswahili cha Mwanangu Uwanjani

Tarehe 11 Machi 2017, Jumamosi asubuhi, nilimpoteza mke wangu katika hospitali moja ya Houston. Mtoto wetu wa pekee alikuwa mwaka wa pili chuoni, karibu na Fort Worth, mwendo wa saa nne na zaidi kwa gari. Alicheza futiboli ya Kimarekani, ule mpira wenye umbo la yai, na nafasi yake ilikuwa ya yule anayepokea mpira kwanza na kuamua uende kwa nani. Wenyewe humwita kwotabeki.

Mama yake ndiye aliyekuwa akienda kumtazama. Mimi Jumamosi nilikuwa zamu, nafua mashuka ya hospitali, na kusema kweli hata bila zamu nisingekwenda. Niliuona ni mchezo wa kuvunjana mifupa. Siku mbili kabla hajafariki, mke wangu aliniambia, "Usimwachishe mpira." Hakueleza zaidi, nami sikuuliza.

Baada ya arobaini mtoto alisema harudi chuoni. Atafute kazi, tuishi wote nyumbani kwetu Sharpstown, hapo Houston. Nilitamani sana abaki, maana nyumba ilikuwa kimya mno. Lakini nilikuwa nimeagizwa.

"Rudi," nikamwambia. "Mama yako hakukulea uje kunisongea ugali."

"Na wewe hujui kupika, baba."

"Nitajifunza."

Sikujifunza vizuri, ila alirudi.

Nikaomba kubadilishiwa zamu, na msimu ulipoanza nikaenda. Mechi ya kwanza sikujua wakati wa kushangilia, nikapiga makofi wapinzani walipopata pointi. Watu wa safu ya mbele wakageuka kunitazama. Kisha nikamsikia mwanangu akipiga kelele kule chini, "Kulia! Kulia!" Nyumbani kwangu tangu Machi neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Nilisimama, nikidhani ameumia. Kumbe vijana wote wa timu yake, mapande ya watu wa Texas, walikuwa wameelewa, wakahamia upande wa kulia.

Alinieleza baadaye. Wapinzani husikiliza maagizo, kwa hiyo kila timu ina maneno yake ya siri, na yeye aliwapa wenzake Kiswahili. Kulia, kushoto, nyuma. "Haya" ilikuwa maana yake mpira uanze. Vijana wasioweza kuionyesha Tanzania kwenye ramani walikuwa wakiitana "haya" mpaka kwenye foleni ya chakula. Nilirudi Houston nikiwa na fahari ambayo sikumwambia mtu, kwa sababu mtu wa kumwambia ndiye hakuwepo.

Msimu uliofuata siri ilivuja. Tulicheza na timu iliyokuwa na beki mmoja mrefu, na mara mbili beki huyo alitokea hasa pale mpira ulipokuwa unakwenda, akaudaka. Tulishindwa. Mechi ilipokwisha alikuja nilipokuwa na mwanangu, kofia yake ngumu ya mchezo kwapani.

"Habari yako, mzee."

"Nzuri. Kiswahili umekijulia wapi?"

"Nimekulia Missouri City, hapo karibu na Houston, lakini mamangu ni wa Nakuru. Huyu kijana wako ananiambia mpira unaenda wapi, mimi naenda tu kuungoja."

Mwanangu akainamisha kichwa. "Ungeniambia kabla ya mechi."

"Nikuambie? Wee. Mimi nilidhani umenialika."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi, na nilishtuka kusikia sauti yangu. Wiki iliyofuata mwanangu aliwageuzia wenzake maneno, kulia ikawa kushoto na kushoto ikawa kulia, na waliochanganyikiwa zaidi walikuwa wao wenyewe.

Alihitimu mwaka 2019. Hakuna timu ya kulipwa iliyompigia simu. Sitamwongezea sifa: alikuwa mzuri, alikuwa na macho na utulivu, lakini mkono wake haukuwa na nguvu wanayoitafuta. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia hivyo. Nami nikamjibu, "Basi mpira umekwisha. Tafuta kazi." Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nimesahau maneno ya mke wangu. Nilikuwa nayakumbuka vizuri.

Wiki tatu alinisalimia tu na kupita. Halafu akaanza kwenda Missouri City kila Jumamosi, yeye na yule beki, kufundisha watoto wa wahamiaji kwenye uwanja wa nyuma ya kanisa. Kabla ya mwaka kwisha shule moja ya mji wa Katy ikamchukua kuwa kocha msaidizi wa wachezaji wadogo. Kazini waliponiuliza mwanangu anafanya nini, nilisema anasaidiasaidia shuleni. Nililitafuta neno dogo kwa makusudi.

Siku moja nilikwenda kumchukua mapema, nikasimama kwenye uzio. Mtoto mmoja alirusha mpira vibaya, ukadakwa na timu pinzani, naye akaitupa kofia yake chini. Nilingoja mwanangu amfokee. Alichuchumaa mpaka akawa mfupi kuliko yule mtoto.

"Uliona nini kabla ya kurusha?"

"Sikuona kitu."

"Sawa. Basi hilo ndilo tutakalofanyia kazi."

Wakarusha tena, mara nyingi, mpaka mtoto akaanza kuangalia kabla ya kuuachia mpira. Ile kazi niliyoiita kusaidiasaidia, mimi nisingeiweza hata kwa siku moja. Jumatatu nikawaambia wenzangu wa kufulia kwamba mwanangu ni kocha. Hawakushangaa. Mmoja akauliza kama anapokea watoto wa miaka tisa.

Kisha ukaja mwaka 2020 na korona, viwanja vikafungwa, na vilipofunguliwa tena tulikaa mbali mbali tukiwa na barakoa. Mechi ya mwisho niliyokwenda mvua ilikuwa inanyesha. Timu ya mwanangu ilikuwa mbele. Mama mmoja Mkenya, tayari amevaa sare zake za uuguzi, alinijia.

"Samahani, wewe ndiwe Baba Kocha?"

Sikuwahi kuitwa hivyo. "Ndiyo, ni mimi."

"Pole, hilo gari lako la kijivu limelizibia langu njia, na zamu yangu inaanza."

Nikaenda kulisogeza.